Mwaka Waliotuchagulia Nguruwe

Mwezi mmoja baada ya kumzika Mama Byamungu, niliketi katika ukumbi wa hoteli mjini Mbarara, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cheupe kama bibi harusi, nikitazama picha ya nguruwe mweusi iliyomulikwa ukutani. Alikuwa nguruwe mwenye pua ndefu, manyoya yamesimama mgongoni, miguu mikavu, na alikuwa anakula majani. Mtoa mada akagusa picha kwa fimbo yake, akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni hazina iliyosahauliwa: nguruwe wa asili, anayejitafutia malishoni, asiyebabuka kwa jua, anayezaa bila mkunga, anayemfaa mkulima mdogo asiye na uwezo wa kununua pumba. Kisha akasema, "Tumegundua." Nilikuwa na kalamu mkononi. Nililiandika neno hilo, nikalipigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikachanika. Mtoa mada huyo, kichwa sasa kimejaa mvi, ndiye yule yule ambaye wanawake wa kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale walimwita Bwana Mbegu. Na hayo aliyoyagundua, Mama Byamungu aliyajua yote, aliyasema yote, na kwa ajili ya hayo aliadhibiwa na huyo huyo.

Sikusema kitu. Mimi si mtu wa kunyoosha mkono ukumbini. Hata leo, mtu mzima mwenye zizi langu mwenyewe huku Kakiika, pembeni mwa Mbarara, nikiitwa jina mbele ya watu masikio yanapata moto. Nilikunywa chai yao, nikala chapati yao, nikarudi nyumbani jua likiwa bado juu, nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Madaftari yangu ya usichana yamo humo. Wasichana wengine walikuwa na marafiki wa kuambia mambo. Mimi nilikuwa na madaftari ya shule, yale ya mstari mmoja mwekundu pembeni, na niliandika kila siku kwa sababu mdomoni maneno hayakutoka. Daftari la mwaka ule lina alama ya mafuta ya mawese kwenye jalada. Nililifungua, nikakuta ukurasa wenye sentensi moja tu: "Leo sikusema." Nikakaa nalo mapajani mpaka chakula cha watoto kikaungua.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, sekondari mwaka wa pili. Namna nilivyofika kuishi kwa Mama Byamungu, na waliobaki Kivu ya Kusini, si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba nilimkuta na nyumba ya vyumba viwili, ya udongo, juu shitingi, turubai la msaada, iliyokuwa ikipigapiga kwa upepo kama mtu anayekung'uta nguo, na jiko la pembeni lenye kuta za miti isiyokandikwa. Jiko hilo ndilo lilikuwa bunge letu. Moshi ulitoka kwenye nafasi kati ya miti, na maneno pia yalitoka, kwa hiyo kila aliyepita alijua kinachopikwa na kinachosemwa. Wanawake kumi na wawili wa kanisa letu walikuwa na chama cha kulima pamoja, na Mama Byamungu hakuwa mwenyekiti wala nini, lakini jambo lilikuwa halijaamuliwa mpaka liamuliwe kwenye jiko lake. Siku moja likaja jambo la nguruwe. Mradi mmoja ulisema utakipa chama chetu nguruwe, na ofisa angekuja Alhamisi kusikia tunataka wa aina gani: weupe wa kisasa kutoka shamba kubwa, au weusi wa kienyeji wanaopatikana kwa wakulima wa Masha.

Jumatano alasiri walikusanyika jikoni. Nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu karibu na mlango, mgongo nimewapa, fasi ninayoipenda, kwa sababu hapo mtu anasikia yote na haulizwi kitu.

"Siye hapa tuko na nini ya kulisha nguruwe?" Mama Byamungu aliuliza. "Pumba tunakula siye wenyewe."

Walicheka, lakini ilikuwa kweli. Mwaka ule mgao wa chakula ulipopungua tulichekecha pumba ya mahindi tukaipikia uji.

"Ile nyeupe ni nguruwe ya mutu mwenye hoteli," akaendelea. "Anakulaka mabaki ya wali, anakulaka mukate, analala ku simenti. Ukimupeleka ku majani, anakuangalia tu kwa macho: mama, chakula iko wapi?"

"Kama bwana yangu," alisema Mama Riziki.

Wakacheka tena mpaka mmoja akafuta machozi kwa kitenge. Mama Riziki alitoka ukoo wa wafugaji wa ng'ombe, watu ambao kwao nguruwe haingii hata kwenye hadithi, na kila mara alikuwa wa kwanza kuweka jambo hilo wazi. "Mimi ile nyama sitakula, mujue. Lakini pesa ya nguruwe haina pua. Mama Byamungu, weye mwenye ulifuga kule kwetu, utuambie. Nyeusi tunamuchaguaka namna gani?"

Hapo Mama Byamungu aliweka mwiko chini, na mimi nikapunguza mchi ili nisikie. Alisema: kwanza usiangalie unene, unene ni mali ya aliyemlisha, si mali ya nguruwe. Angalia pua, iwe ndefu, maana pua ndiyo jembe lake. Angalia miguu, asimame kwa kwato na si kwa kisigino, maana atatembea. Ngozi iwe nyeusi na manyoya yawe mengi, maana jua la hapa halina huruma na miti hakuna. Mwinamishe uhesabu chuchu, zikiwa chini ya kumi na mbili mshukuru mwenyewe uende zako. Halafu, ukisha kumaliza hayo yote, mfungue asubuhi kabla hajapewa kitu, mwache kwenye nyasi, ukae mbali bila kumwita. "Mwenye anangojea mukono ya mutu, uyo ni mugeni. Mwenye anainamisha pua palepale, uyo ni mwenyeji. Uyo njo unachukua."

Na alikuwa na mpango. Chama kilipewa bonde dogo nyuma ya kijiji, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kupanda minyaa kulizunguka, vijiti vya kijani alivyovibeba kichwani mafungu kwa mafungu. Bonde lingegawanywa mafungu matatu. Nguruwe wangeingia fungu la kwanza, wale magugu na mizizi ya sangari, wachimbe kwa pua zao, waache samadi. Wakihamia la pili, sisi tunapanda maharage kwenye udongo ambao tayari umelimwa. Baada ya mavuno wangerudi kula majani ya viazi vitamu na vilivyosahauliwa ardhini. Alichora kwenye majivu kwa kijiti cha kuni. Nimekaa kwenye mafunzo mengi tangu hapo, nimeonyeshwa michoro ya rangi nne, na sijaona iliyopita ule wa majivu.

Wote walikubali weusi. Ndipo wakanitaja mimi. "Noela njo atapeleka neno," alisema Mama Byamungu, "anajua Kiingereza." Sasa hapa lazima nieleze, kwa sababu jambo lote limesimama hapa. Kwetu mtu akikuletea zawadi ya mifugo akakuambia uchague, huchagui mbele ya uso wake. Kunyooshea kidole mbuzi huyu na kumwacha yule, mwenye mbuzi akiangalia, ni kama kumwambia kwamba yule mwingine ni takataka, na yeye aliyemfuga pia. Unasema, "Wote ni wazuri, mgeni wetu." Yeye anajua. Anasimama, anasema, "Ngoja nitoke nje kidogo niangalie mvua," hata kama ni kiangazi na mbingu ni kavu. Akiwa nje, watu wanasema wanachotaka, na mtoto anatumwa kumfikishia. Anaitwa mtoto wa neno. Kwa njia hiyo mtoaji haaibiki, mpokeaji haonekani mlafi, na kila mtu anapata anachotaka. Nimeiona kazi hiyo ikifanywa na watoto wa miaka sita. Mimi nilikuwa na kumi na sita.

Alhamisi Bwana Mbegu alikuja kanisani. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vya mpira, jasho likimtiririka, na kila sentensi yake ilikuwa na "mbegu bora" ndani yake. Ndipo jina likamwangukia. Tuliweka meza ndogo mbele, tukaifunika kitambaa cha kusuka, tukamnunulia soda. Alibandika picha mbili ukutani kwa gundi. Nguruwe mweupe alikuwa amepigwa picha ameoshwa, anang'aa kama mtoto wa ubatizo. Mweusi alipigwa picha akiwa kwenye matope na kamba mguuni. Hata picha zilikuwa zimekwisha kuchagua. Akanigeukia. "Wewe musichana, ambia hawa wamama: wao nataka gani? Sema tu, hakuna kuogopa."

Mama Riziki alisimama kwa niaba ya wote, akapiga goti kidogo. "Yote ni mazuri, mugeni wetu."

Wakanyamaza wote, wakimngoja atoke. Alikunywa soda. Bado wakangoja. Mzee mmoja wa kanisa akamsaidia, akatazama nje dirishani akasema, "Mawingu inaweza kuja." Bwana Mbegu akatazama saa yake. Wanawake kumi na wawili wakanigeukia mimi, na macho ya Mama Byamungu yakiwa ya mwisho na ya utulivu kuliko yote, kama mtu anayemwangalia mtoto wake akivuka mto mahali ambapo hawezi kuzama. Nilijua la kusema. Maneno yalikuwa matano au sita ya Kiingereza, nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Nikatazama chini, nikamwona siafu amebeba chembe ya muhogo, nikasema kwa Kiingereza, "Wanasema yote ni mazuri."

"Vizuri," akasema, akaandika. "Basi weupe." Akafunga faili.

Lori lilifika Jumapili. Siku tatu. Nguruwe sita majike na dume mmoja, wote weupe, na ubao wa bati uliokwisha kupakwa rangi, picha ya nguruwe mweupe na maandishi kwamba wanawake wa hapa wamejichagulia maendeleo. Ubao haukaushwi rangi kwa siku tatu, wala nguruwe hawatolewi shamba kubwa kwa siku tatu. Alikuja kutuuliza hali jibu lilikuwa njiani tayari. Kwa nini basi aliuliza? Kwa nini amvue mtu heshima ya kunyimwa tu, amvike hii ya kwamba alipenda mwenyewe? Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sitaki iniishe. Lakini sijaitumia kujisamehe. Siku ile sikujua habari ya lori. Nilijua neno nililopewa, na nililirudisha tumboni.

Kilichofuata alikwisha kukisema Mama Byamungu jikoni, mwiko mkononi. Nguruwe weupe walipopelekwa bondeni, walisimama penye mlango wa uzio wakilia, wakitazama ndoo. Siku ya nne masikio yalianza kuwa mekundu, kisha mgongo, kisha ngozi ikatoa malengelenge na kumenyuka kama gamba la kitunguu. Wanawake waliwapaka udongo. Mama Riziki, asiyeweza hata kutamka jina la nguruwe kanisani, alitoa kitenge chake cha zamani akamfunika jike mmoja, akawa anatembea naye kando akimfukuzia nzi na kumwimbia wimbo wa kwaya. "Bakiniona kwetu," alisema, "batasema nimeolewa." Tukajenga kibanda. Wakataka pumba. Waliobahatika kupata vibarua kwa wenyeji walileta pumba badala ya unga, na watoto wakaangalia nguruwe wakila. Daftari langu la siku hizo halina huzuni, lina matusi. Niliandika kwamba nguruwe walikula uji wetu na mradi ukala maneno yetu. Jike wa kwanza alikufa kabla ya mvua. Wa pili akachinjwa akiwa na uzito wa mbwa. Bwana Mbegu alikuja, akasema tatizo ni usafi.

Mama Byamungu hakubishana. Jike wa kwake, maana kila wanawake wawili walitunza mmoja na mwenzake alikuwa amehamia kwa binti yake, alikuwa bado na nguvu. Siku moja ya likizo akanipandisha naye juu ya lori la mahindi, sisi tumekalia magunia, jike katikati yetu amefunikwa gunia lililoloweshwa mgongoni, tukaenda Mbarara. Alikuwa amesikia habari za mzee mmoja wa Kakiika aliyekuwa akichukua mabaki ya jikoni kwenye hoteli mbili za mjini. Tulimkuta uani kwake, pipa la wali na maganda ya matoke limejaa, sakafu ya saruji, paa, kivuli, maji ya bomba. Na kwenye kona, amefungwa kamba kwenye mgomba, jike mweusi mwenye pua ndefu.

Mzee alimzunguka jike wetu mara mbili. "Mama, hii nyeupe yako mimi napenda sana. Iko na mgongo murefu. Lakini nani nachoma yeye na moto?"

"Ni jua, muzee," nilitafsiri maneno ya Mama Byamungu kwa Runyankore, lugha ya wenyeji, yangu ya sokoni, na ajabu, uani pale sauti yangu ilitoka. "Kwetu hakuna fasi yake. Kwako iko fasi."

"Na ile nyeusi mimi natafuta mutu wa kutoa," akasema. "Yeye nalima bustani ya bibi yangu yote. Jana yeye nakula maua."

Mama Byamungu akauliza kama anaweza kumfungua. Mzee akacheka, akamfungua. Tukakaa mbali, kimya, sote watatu tukimtazama nguruwe mweusi. Hakugeuka kututazama hata mara moja. Aliinamisha pua palepale, akaanza kupindua udongo kando ya mgomba. "Iko na mimba," mzee alisema, "mwezi mbili." Walipeana mikono. Mke wa mzee akatupa matoke yenye mchuzi wa karanga, tukala tumekaa kwenye mkeka wake, na Mama Byamungu alikula mpaka akalamba vidole. Nilikuwa sijawahi kumwona anakula bila kuangalia kama wengine wamepata. Kila mnyama alikuwa amekwenda mahali pake. Sijaona biashara safi zaidi.

Bwana Mbegu alisema ni wizi. Alihesabu weupe, akakuta amepungua asiyekufa, na akaona mweusi ndani ya uzio wa minyaa. Aliita mkutano kanisani, safari hii akiwa na mtu wa kamati ya kijiji na karatasi. Alisema Mama Byamungu ameuza mali ya mradi. Alisema ameharibu mbegu. Mama Byamungu alisimama, mikono imeshika ncha za kitenge.

"Sikuuza, nilibadilisha. Na ile nyeupe hatukuchagua siye."

"Hamukuchagua? Mimi niliuliza nyinyi hapa."

"Tulingojea utoke."

"Nitoke niende wapi?" Akacheka, na mtu wa kamati akacheka naye, na ninaamini hakuwa anadhihaki, hakujua kabisa. Nimejaribu kumhesabia hilo. Kisha akanigeukia. "Wewe musichana ulikuwa hapa. Walikataa nyeupe?"

Watu wote walikuwa mle ndani. Siafu hawakuwepo siku hiyo, palikuwa na vumbi tu. Mama Byamungu hakunitazama, na baadaye nilielewa kwamba alifanya hivyo kunihurumia. Ningeweza kusema: hawakukataa kwa sababu hatukatai hivyo. Ningeweza kusema: waliamua jikoni, nilisikia, nilitumwa, sikufikisha, kosa ni langu. Nilisema, "Hawakukataa." Lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa uongo kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

Wakamfuta kwenye chama. Akaambiwa amtoe mnyama wake bondeni, kwamba ardhi ile ni ya wenye mradi. Uzio ule ulikuwa wake, kijiti kwa kijiti, kichwa chake kilikuwa bado na kovu la utomvu wa minyaa unaounguza. Wanawake kumi waliobaki walitazama magoti yao, na mimi siwezi kuwahukumu, maana walikuwa na nguruwe wa kupoteza na mimi sikuwa na chochote. Jioni ile alipika bugali na mchicha wa lengalenga kama siku zote. Nilikaa mlangoni nisiingie. Akakwangua ukoko wa sufuria, fungu ambalo lilikuwa langu siku zote, akanisogezea. "Neno ikitumwa na isifike, inabakia ku tumbo ya mutoto," akasema. "Kula, isikae humo peke yake." Angenipiga ingekuwa nafuu. Niliandika ukurasa mzima usiosomeka.

Bila bonde, nguruwe alihitaji miguu ya mtu. Basi nikawa mimi. Kila asubuhi kabla ya shule na kila alasiri baada yake, sare ya shule mwilini, nilimtembeza kwa kamba kando ya barabara, kwenye mashamba yaliyovunwa, kwenye mabwawa ya matete upande wa ziwa. Msichana anayeona haya kununua chumvi dukani, anavutwa na nguruwe mbele ya darasa lake zima. Wavulana waliniita Mama Pua. Wafugaji waliopeleka ng'ombe upande wa Endiinzi walivuka barabara ili tusikutane. Mchungaji msaidizi aliniambia binti wa kanisa anapaswa kuchagua marafiki zake. Sikujibu hata mmoja, lakini nilijifunza kitu ambacho sikufundishwa sekondari: kwamba mtu anaweza kutazamwa na watu wote na asife. Nguruwe hakujali. Alikula sangari, alikula magugu ya mfereji, alikula viazi vilivyosahauliwa, alinenepa kwa vitu ambavyo hakuna mtu aliyemnyima mtoto wake ili ampe. Mvua zilipoanza alijikusanyia majani makavu ya migomba nyuma ya jiko, akayapanga kwa mdomo siku nzima, na asubuhi tukakuta watoto tisa, weusi wote, wamejipanga kwenye chuchu kama herufi. Hakuna aliyemsaidia. Mama Byamungu alisimama akiwatazama, chai ikipoa mkononi. "Haya," alisema, "benye kungojea mvua, mvua ile."

Kufikia wakati huo bondeni alibaki mweupe mmoja. Wanawake walianza kuja, mmoja mmoja, kwa kupitia nyuma, kila mmoja amebeba kitu kidogo, jani la sombe, kibuyu cha maharage, akizungumza habari za afya na za kanisa. Mama Byamungu aliwaacha wazunguke wee, kisha akatoka nje kuangalia mvua. Mimi nilibaki nao. Mama Riziki alininong'oneza, "Ule jike mwenye alama ku sikio," nami nikatoka nikalifikisha neno. Nilifikisha la kila mmoja. Wa kwanza kuja aliwapa majike mpaka wakaisha, kwa sharti moja la kwetu, kwamba jike wa kwanza atakayezaliwa aende nyumba inayofuata. Na Bwana Mbegu mwenye karatasi? Alipita siku moja kwa pikipiki, akasimama, akawaangalia watoto wa nguruwe wakichimba kando ya barabara. Akauliza ni wa nani. Akaambiwa. Hakuandika kitu. Chama hakikumrudishia jina Mama Byamungu, bonde halikurudi, na ule ubao wa wanawake waliojichagulia maendeleo ulisimama miaka mingi mpaka ukaanguka wenyewe, tukaufanya paa la zizi. Picha ilikuwa upande wa ndani. Weusi walilala chini yake.

Hayo ndiyo niliyosoma juzi na chakula kikiungua. Kesho yake nilirudi hotelini, siku ya pili ya mafunzo, na nyuma ya ukumbi nikakuta wanawake wameletwa kutoka Nakivale, wamekaa mstari mmoja, kila mmoja na soda mbele yake ambayo hajaifungua. Wa mwisho, mgongo umeinama, kitenge amejifunga kichwani, alikuwa Mama Riziki. Bwana Mbegu alisema mradi mpya unataka kuwasikiliza walengwa. Ukutani picha tatu: mweupe, mweusi, na chotara. Akauliza kama kuna mtu wa kutafsiri Kiswahili. Hakunitambua. Nilijikuta nimesimama, masikio yamewaka.

"Waulize wanataka yupi," akasema.

Niliuliza. Mama Riziki alijiinua kwa kushika kiti, akapiga goti kadiri goti lilivyoruhusu, akanitazama mimi na si yeye. "Yote ni mazuri, mugeni wetu."

Bwana Mbegu akachukua kalamu. Alikuwa ameelewa, Kiswahili chake kilitosha kwa hilo. "Vizuri," alianza, "basi tuandike..."

"Hawajajibu," nilisema.

"Wamejibu. Zote nzuri."

"Hiyo ni heshima. Jibu bado. Hawawezi kukujibu ukiwa umekaa hapo." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inatoka, na ikaendelea kutoka. "Palikuwa na mwanamke Nakivale uliyemfuta kwenye chama kwa sababu alikungojea utoke. Tumemzika mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nilipaswa kukuambia siku ile, nakuambia leo: toka nje kidogo, uangalie mvua."

Sijui kama alikumbuka. "Mvua," akasema. "Dada, huu ni mwezi wa saba. Hakuna mvua."

"Najua," nikasema.

Akaweka kalamu. Akatoka. Kupitia kioo tulimwona amesimama kwenye uwanja wa magari, hakuna kivuli hata cha mti mmoja, mkono juu ya macho, akitazama juu kwenye anga tupu kama alivyoambiwa. Nyuma yangu nilisikia chupa za soda zikifunguliwa moja baada ya nyingine, na viti vikiburutwa kufanya duara.

"Haya, mutoto wa neno," alisema Mama Riziki. "Kuja karibu. Na usikimbie, jua itamungojea."